Mashine Ilikuwa Yetu, Nyumba Ilikuwa Yake

Ninyi mnaokaa sasa kwenye viti vyetu vya idara ya mikopo hapo Dodoma, nasikia mafaili ya vituo vya kuchajia malori ya umeme yanawatoa jasho. Binti mmoja wa kwenu alinipigia simu juzi. "Shikamoo mama. Eti uliwahi kupitisha faili la namna hii?" Nikamwambia marahaba mwanangu, nililipitisha, nikaliharibu, nikalitengeneza tena, wewe unataka nikueleze lipi? Akasema yote. Nikaongea mpaka salio lake likaisha. Basi naandika, na wengine msome.

Mimi ni Mama Chilewa, Mgogo wa Mvumi, mstaafu. Nimekuwa afisa mikopo tangu nikiwa na kiuno mpaka kiuno kikaondoka chenyewe. Nimekopesha watu wa zabibu, wa ng'ombe, wa mashine za kusaga, wa vituo vya mafuta, na wa Fuso mbovu zilizopakwa rangi mpya. Fuso moja nililetewa mpaka mbele ya benki. Nikaizunguka, nikapiga mateke matairi kama fundi, nikasifu rangi, nikasaini. Injini haikuwemo! Waliisukuma kutoka barabarani wakaiegesha, na mimi sikusema neno moja dogo tu: "Washa." Jamani, nilichekwa ofisini mwaka mzima. Tangu siku hiyo mteja akiniletea kitu chochote, hata kama ni kiti, namwambia kiwashe nione.

Malori ya umeme niliyajua kwa sababu ya Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa Mrangi wa Kolo, mfanyabiashara wa alizeti. Alijenga nyumba Nzuguni kwa miaka kumi, tofali kwa tofali, akamhamishia humo mama yake mzazi na watoto wake wawili. Nilimjua siku nyingi, na tulizoea kutaniana.

"Shikamoo Mama Chilewa."

"Marahaba. Leo umeleta alizeti au maneno?"

"Maneno. Alizeti tunalima sisi, ninyi Wagogo mtusaidie kusikiliza."

Akanieleza. Kuna kampuni ya usafirishaji ilikuwa imeleta malori manane ya umeme. Yanapakia alizeti Kolo na vijiji vya Kondoa, yanaishusha kwenye kiwanda cha kukamua mafuta Nzuguni, yanarudi na mashudu ya mifugo. Kwenye yadi yao mjini walikuwa na kimashine kidogo cha kuchajia, na lori moja tu lilikikalia usiku kucha. Bi Mwanaidi alitaka kuweka mashine kubwa ya haraka, auze umeme kwa malori hayo na mengine yatakayokuja.

Nikachukua kalamu nikamuuliza kwa heshima zote, "Tenki lake linaingia lita ngapi?"

Akanitazama. "Mama, hakuna tenki."

"Aaa. Sawa. Endelea."

"Kitu kingine, riba siitaki. Kuila wala kuitoa."

Hapo ndipo faili lilipogeuka. Benki yetu ilikuwa na dirisha la huduma za Kiislamu, na pale kuna utaratibu unaitwa ijara. Kwenye mkopo wa kawaida nakupa pesa, unanunua unachonunua, na macho yangu yanabaki kwenye hati ya nyumba yako. Mashine ikiungua, shauri yako, nyumba ipo. Kwenye ijara benki yenyewe inanunua mashine, mashine ni mali ya benki, na mteja anaikodi mwezi hadi mwezi mpaka siku inakuwa yake. Hati ya nyumba tuliichukua vilevile, kwa sababu benki ni benki. Lakini kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mali ambayo ni yetu, na sikujua hata inawashwa wapi.

Udadisi ukanishika, acha tu. Nilimfuata fundi umeme mmoja mpaka akaanza kunikwepa. Kwa nini mashine kubwa inahitaji transfoma yake peke yake? Nani analipia nguzo na nyaya mpaka pale? Umeme ukikatika lori liko nusu, nini kinatokea? Vipuri viko nchini au vinapanda meli? Fundi akanionyesha feni zilizo ndani ya mashine, kubwa kama za dari, akasema adui wa hizi ni vumbi. Nikacheka. Dodoma yetu hii, upepo wa kiangazi unaokupa mchanga mpaka kwenye meno! Tukaandika kwenye mkataba kwamba chujio la vumbi litasafishwa kila wiki, na nani atalisafisha, kwa jina. Hilo liandikeni na ninyi. Mashine nyingi zinakufa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndiye anasafisha.

Halafu nikaomba kupanda lori lenyewe. Meneja wangu, kijana mzuri tu aliyeniamkia kila asubuhi ingawa yeye ndiye bosi, akasema, "Mama, unakwenda kukagua mashine au kutembea?" Nikamjibu vyote viwili.

Dereva aliitwa Saidi, mtu wa Kondoa, mpole, anapenda kutafuna karanga. Tulipakia magunia Kolo mpaka lori likajaa. Nikawa nasubiri aliwashe. Kumbe tumeshaanza kwenda! Halina ngurumo, halina moshi, na mbuzi waliokuwa barabarani hawakushtuka hata kidogo, ikabidi Saidi awapigie honi mmoja mmoja. Mbele yangu palikuwa na kioo kinachoonyesha chaji iliyobaki. Tukaanza kuteremka vilima. Nikaona namba inapanda.

"Saidi, mbona inapanda?"

"Inajichaji mama. Tukishuka, magurudumu yanaizungusha mota, mota inarudisha umeme kwenye betri."

"Na magunia yote haya nyuma?"

"Magunia ndiyo yanasukuma."

Sikuamini. Kichwa changu kilikuwa cha dizeli: mzigo mzito maana yake unywaji mwingi, basi. Hapa lori lililojaa linashuka kutoka Kondoa likijirudishia, na linapanda kurudi likiwa na mashudu mepesi. Hesabu yote niliyomfanyia Bi Mwanaidi, ya umeme ambao kila lori lingenunua kwake, ilibidi ipunguzwe. Nilifurahi kama mtoto. Niliandika, nikauliza, nikaandika, namba ikipanda napiga makofi, Saidi anacheka.

Tulipofika Msalato, tunakaribia kuingia mjini, alikuwa anakwenda mbio. Nikamuuliza, "Mbona una haraka hivyo?" Akasema, "Foleni mama." Nikasema aha, nikarudi kutazama kioo changu. Nimeikumbuka aha ile mara nyingi sana.

Sasa niwaeleze kuhusu mzee Lameki, marehemu, aliyenifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza ya kukagua kituo cha mafuta alinipa kigoda na daftari, akaniweka kando ya barabara, akasema hesabu kila gari linalopita, asubuhi mpaka jioni. Nikiuliza swali ananiambia hesabu. Jua lilinikausha, lakini jioni nilikuwa najua kuhusu kituo kile kuliko mwenye kituo. Mteja anaandika anachotamani, alisema mzee Lameki, wewe andika kinachopita. Kwa miaka yote nilifanya hivyo, na hakuna kituo cha mafuta nilichopitisha kikafa. Nilijivuna, sifichi.

Kwa hiyo ilipofika kuchagua mahali pa kuweka mashine, nilichukua kigoda changu. Bi Mwanaidi alikuwa amepata kiwanja cha kukodi karibu na geti la kiwanda, Nzuguni. Nikakaa pale siku nzima. Barabara ya vumbi, inaishia kiwandani, hakuna anayepita kwenda kokote. Nikaenda Msalato. Weee! Barabara ya lami, malori ya Kondoa yote lazima yapite pale, na uwanja mpya wa ndege umeleta malori ya mchanga na kokoto kila dakika. Kesho na keshokutwa na hayo yatakuwa ya umeme. Daftari likajaa.

Nikamwita ofisini. "Bi Mwanaidi, benki inataka Msalato."

"Mama, kiwandani ndipo penyewe. Mimi nawajua madereva hawa."

"Na mimi nazijua barabara. Benki imesema Msalato."

Benki haikuwa imesema kitu. Benki ilikuwa haijui Msalato wala kiwandani, ilikuwa inasubiri karatasi yangu. Nilikuwa na mazoea hayo ya miaka mingi. Nikitaka jambo nasema benki inataka, mteja ananyamaza, kazi inasonga. Sharti likaandikwa, kituo kijengwe Msalato. Bi Mwanaidi akasaini. Transfoma akalipia yeye kwa akiba yake yote.

Kituo kikafunguliwa. Kilipendeza, sakafu ya zege, paa jeupe, mashine inang'aa. Wiki ya kwanza yalikuja malori mawili, kwa kujaribu. Mwezi wa kwanza ukapita. Bi Mwanaidi akalipa kodi ya mashine kwa pesa ya alizeti. Mwezi wa pili akauza Fuso lake la mizigo, la dizeli, lililokuwa linamlisha. Mwezi wa tatu hakulipa, wala wa nne. Mkataba ulisema wazi, akikosa miezi mitatu mfululizo, nyumba inakwenda mnadani. Ulibaki mwezi mmoja.

Nilikwenda kukaa naye Msalato siku nzima. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, ameshika kitambaa cha kufutia vumbi. Chujio lilikuwa safi kabisa, masikini. Lori la Saidi likapita, limejaa, likatupigia honi ya salamu likaenda zake. Bi Mwanaidi akainua mkono kumpungia.

"Lahaula," akasema. "Wananipenda kweli. Wanapita wakinipungia."

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yake.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka kiwandani. Nje ya geti foleni ya malori ilikuwa ndefu, imekunja kona, Fuso za dizeli na malori ya umeme yamechanganyika, yote yanasubiri kupimwa na kushusha. Nilimkuta Saidi amejilaza kwenye mkeka chini ya lori lake, anacheza drafti na wenzake. Akainuka haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jana ulinipigia honi ukapita. Nieleze kwa nini, na usinionee haya."

Akajikuna kichwa. "Mama, kiwanda kinapokea kwa zamu ya kufika. Nikisimama Msalato saa nzima na ushee nachaji, Fuso sita zinanipita. Nikifika hapa niko mkiani, nashusha kesho. Safari moja nimepoteza, na sisi tunalipwa kwa safari. Kurudi ni hivyo hivyo, Kolo nako kuna foleni ya kupakia, heri nisubiri zamu ya usiku kwenye kimashine cha yadi."

"Na hapa umesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Mpaka saa kumi hivi."

"Unafanya nini?"

"Si hivi unavyoona. Nacheza drafti."

Nikatazama lori lake kubwa, limesimama kimya, betri karibu tupu, saa nzima na nyingine na nyingine. Nikamuuliza, "Mashine ingekuwa hapa getini?"

"Ningechaji hapa hapa, mama. Sote tungechaji."

"Na nafasi yako kwenye foleni ukiondoka kwenda kuchaji?"

Akaninyooshea kidole. Katikati ya malori mawili palikuwa na nafasi tupu, na kwenye vumbi palikuwa na dumu la njano lililoandikwa namba za gari kwa rangi. Mwenye lori lile alikuwa amekwenda kuziba pancha. Foleni ikisogea, dereva wa nyuma anashuka, analisogeza dumu mbele, ndipo anasogeza lori lake.

"Akilisahau?"

"Hasahau mama. Kesho na yeye ataacha lake."

Nilikaa juu ya jiwe. Miaka yote hiyo nilihesabu yanayopita. Lori la mafuta linaingia, dakika kumi, limetoka, kwa hiyo unamtafuta anayepita. Lori la umeme linahitaji saa zake, kwa hiyo lazima umfuate pale ambapo tayari amesimama kwa shida zake nyingine. Bi Mwanaidi alijua. Aliniambia kwa mdomo wake, mimi nikamjibu kwa daftari. Niliona aibu.

Nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Mama Chilewa, zimebaki wiki tatu ustaafu. Faili hili atalipokea mwenzako. Nyumba ikiuzwa, itauzwa kwa mujibu wa mkataba, hakuna atakayekugusa. Kwa nini ujikaange?"

Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Alikuwa ananilinda. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikistaafu nitarudi kwa mkataba kuwafundisha maafisa wapya, na nilikitaka kibarua kile kwa moyo wote. Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Nikajiambia labda atapata pesa kwa ndugu zake. Labda malori yatazoea. Nilijiambia mengi, na kila nililojiambia lilikuwa linaishia kwa Bi Mwanaidi kuhama nyumba yake.

Nikaandika barua kwa kamati ya mikopo. Nusu ukurasa. Niliandika kwamba mteja alichagua mahali sahihi, kwamba sharti la Msalato halikutoka kwenye sera yoyote ya benki, lilitoka kwangu, na kwamba mashine ni mali ya benki na imewekwa mahali pabaya kwa amri ya benki, kwa hiyo benki ndiyo iihamishe.

Kamati ikaniita. Walikuwa wakali, na walikuwa na haki. Mmoja akauliza swali zuri kuliko yote, nanyi mlikumbuke kuliuliza: lori lililo kwenye foleni litachajije bila kupoteza foleni? Nikawaeleza habari ya dumu. Wawili wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, mtu mzima aliyekulia vijijini kwetu. Akasema, "Kwani bombani si ndivyo? Mama yangu alikuwa anaacha ndoo anakwenda kunyonyesha, anarudi ndoo imeshasogezwa." Mjadala ukaishia hapo. Wakaamua mashine na transfoma vihamishiwe kiwandani kwa gharama ya benki, na kodi ya miezi iliyolala isogezwe mwisho wa mkataba. Kuhusu kile kibarua cha kufundisha, sikupigiwa simu. Ndiyo maana nawafundisha ninyi bure, kwa vocha zenu.

Niliagwa kwa keki na khanga mbili. Baada ya miezi michache nikaenda Nzuguni kutazama. Malori mawili yalikuwa yanachaji kwa pamoja, moja kila upande, madumu yao yakisogea kwenye foleni bila wao. Mama lishe wawili walikuwa wamehamia pale na sufuria zao, kwa sababu mtu anayechaji anakula. Bi Mwanaidi alinikimbilia akanikumbatia, akaniita mkombozi wake, akawaambia madereva huyu mama ndiye aliyepigana na benki kwa ajili yangu. Saidi akaniletea kiti. Wengine wakanipa mkono.

Nikaelewa kwamba hajui. Barua yangu ilikuwa ya ndani, hakuna aliyemwonyesha. Kwake yeye benki ilikosea na mimi nilimwokoa. Ningeweza kukaa pale nikala wali nikarudi nyumbani na sifa zangu. Haki ya Mungu, nilitaka.

Nikamvuta pembeni, nyuma ya mashine, feni zinavuma.

"Bi Mwanaidi, ile Msalato haikuwa ya benki. Ilikuwa yangu. Nilikuambia benki inataka, na benki haikutaka chochote. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulikaa na mimi pale Msalato siku nzima. Hukusema."

"Sikusema."

Akajifunga vizuri mtandio wake. "Mama Chilewa, nilishaanza kumtafutia mama yangu chumba cha kupanga. Kwa siri. Kila jioni ananiuliza tunapanda maua gani mbele ya nyumba, na mimi namjibu, waridi, mama, tutapanda waridi."

Nikamwambia nisamehe, kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Nimesikia," akasema, akarudi kwa madereva wake. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.